Taa Imsubiri Mwimbaji: Historia Fupi ya Mwanga wa Jukwaani, Kutoka Unguja Hadi Mbuba

Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imeandikwa kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Inajulikana kwamba Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905. Kwamba Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 Dar es Salaam ilikwisha kuwa na bendi ya dansi, na kwamba Culture Musical Club ilizaliwa mwaka 1958. Ala zinajulikana, sauti zinajulikana, na mashairi yamehifadhiwa vifuani na madaftarini. Jambo ambalo halikupata mwandishi wake ni taa. Nyimbo hizo karibu zote ziliimbwa usiku, na usiku hauonyeshi uso wa mtu bila ya kuwapo aliyewasha. Nani aliyewasha, kwa mafuta gani, na mwanga wenyewe ulimwangukia nani?

Swali hilo si la udadisi mtupu. Siku hizi kikundi cha watu watano wenye mfuko mwembamba kinaweza kupata taa ndogo zinazobadilika rangi zenyewe, zikafuata ngoma au kompyuta bila ya mtu kuzigusa. Kazi iliyokuwa ya mkono inakabidhiwa mashine, na kila kazi inapohamia katika mashine kuna kitu kinachookolewa na kitu kinachopotea. Ili kuvipima vitu hivyo viwili, makala haya yanazitazama ncha mbili za Tanzania. Ncha ya kwanza ni Unguja, ambako umeme ulitangulia. Ya pili ni Mbuba, kata ya wilaya ya Ngara mkoani Kagera, katika milima inayosikika Kishubi na Kihangaza, jirani na Rwanda na Burundi, ambako umeme ulichelewa. Aliyetangulia na aliyechelewa wanakutana leo mbele ya mashine moja, na kila mmoja anakuja nayo kumbukumbu yake ya giza.

KARABAI NA MTU WAKE

Kabla ya taa kulikuwa na mwezi. Ngoma nyingi za bara na za pwani zilipangwa kwa mwezi mpevu, na pale mwezi ulipokosekana moto wa kuni ulishika zamu. Mwezi na moto vina sifa moja inayofanana: havichagui. Mchezaji, mpigaji na mtazamaji wote huangazwa kwa kipimo kimoja, na duara la ngoma halina upande wa mbele wala wa nyuma.

Taarab ilikuja na mpango mwingine. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza muziki, naye akarudi na kanuni. Muziki wa kasri ulichezwa ndani, kwa watu waliokaa, na mbele yao wakakaa wapigaji. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, linakumbukwa kuwa jengo la kwanza visiwani kupata umeme. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na pamoja na kuta zile iliporomoka sehemu ya kumbukumbu ya mwanga wa kwanza wa nchi. Lakini umeme wa kasri haukuwa wa kila mtu. Taarab ilipotoka kasrini na kuingia Ng'ambo, kwa jitihada za Siti binti Saad na wenzake, ilitoka pia katika mwanga wa kifalme na kuingia katika mwanga wa mafuta.

Mafuta hayo yalipitia taa za namna nyingi: kibatari, chemli, fanusi, na juu ya zote, karabai. Jina hilo lilitumika kwa taa za kabaidi na likatumika pia kwa taa ya mafuta ya taa inayotiwa pampu. Ufundi wake ulitokana na ugunduzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, ambaye mwaka 1885 alipata hataza ya kifuko cha nyuzi kinachong'aa kwa joto la gesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin kilitoa taa ya Petromax, ambayo hugeuza mafuta ya taa kuwa mvuke na kuusukuma mvuke huo katika kifuko. Aina iliyoenea sana ilihesabiwa kuwa na nguvu ya mishumaa 500. Karabai moja iliyotundikwa katikati ya ukumbi au chini ya mwembe iliweza kumulika harusi nzima.

Karabai ilikuwa na tabia ambayo mtu wa leo huisahau: ilihitaji kuhudumiwa. Kwanza ilipashwa moto kwa spiriti, kisha ikatiwa pampu, na kila muda ulivyopita upepo ndani ya tangi ulipungua na mwanga ukafifia. Ilibidi awepo mtu, aghalabu kijana, mwenye kuisikiliza taa jinsi inavyovuma na kuitia pampu kabla giza halijaingia katikati ya ubeti. Kijana huyo hakutajwa katika orodha ya wapigaji. Hata hivyo alikuwa na jambo ambalo mafundi wa taa wa leo hulitafuta kwa gharama: aliujua wimbo. Alijua lini kiitikio kinakuja, lini bibi harusi atatolewa, lini wazee wataanza kuinuka, na akachagua wakati wa kuinuka yeye. Mwanga ulimsubiri mwimbaji kwa sababu aliyeushika alikuwa akimsikiliza mwimbaji.

UKUMBI ULIOZIMWA

Huko Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine, na njia hiyo inafaa kuelezwa kwa sababu mashine zinazouzwa leo Kariakoo na Darajani zilizaliwa humo. Mwaka 1817 jumba la Drury Lane la London lilianza kumulika jukwaa lake kwa gesi. Gesi ilileta kitu ambacho mshumaa haukuwa nacho: bomba, na penye bomba pana koki. Mtu mmoja aliyekaa pembeni aliweza kupunguza au kuongeza mwanga wa jukwaa zima kwa kuzungusha koki chache. Hapo ndipo kazi ya mwongoza taa ilipozaliwa. Mwaka 1881 jumba la Savoy, London hiyo hiyo, likawa la kwanza miongoni mwa majengo ya umma kumulikwa lote kwa umeme, kwa taa takriban 1,200 za Joseph Swan. Ili kufifisha umeme, mafundi wa nyakati hizo walitumia hata mitungi ya maji ya chumvi: bamba la chuma likiteremshwa majini mkondo huongezeka, likipandishwa mwanga hupungua. Ilikuwa kazi ya hatari, lakini kanuni yake ilikuwa rahisi kama ya kuteka maji.

Pamoja na koki na mtungi likaja wazo. Ukumbi wa Richard Wagner huko Bayreuth, uliofunguliwa mwaka 1876, ulipata sifa kwa kuuzima upande wa watazamaji. Jukwaa likang'ara, hadhira ikafichwa gizani, na kila mtu akaketi peke yake na macho yake. Desturi hiyo ilienea hata ikaonekana kuwa maumbile ya jukwaa lenyewe. Si maumbile. Ni uamuzi uliofanywa mahali fulani, wakati fulani, kwa ajili ya sanaa ya aina fulani.

Kwa taarab uamuzi huo ni msiba. Mshairi wa taarab huandika fumbo, mwimbaji hulitamka, lakini anayelikamilisha ni msikilizaji. Bibi mmoja huinuka kitini ubeti unapomgusa, akasogea mbele kwa mwendo wa madaha, noti mkononi, akamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukaelewa nani anasemwa na nani anasema. Hakufungua kinywa, ameyaazima maneno ya mshairi, na malipo yake ni kuonekana. Ukizima taa za ukumbi umemnyang'anya ulimi. Fumbo linabaki jukwaani, halina wa kulifumbua. Ndiyo sababu katika kumbi za Unguja taarab asilia imekaa kwa muda mrefu chini ya globu za kawaida, zinazowamulika wote kama mwezi ulivyofanya. Na mgeni anayedhani huo ni umaskini wa vifaa hajatambua kwamba nusu ya mchezo unachezwa vitini.

Dansi nayo ilikuwa na desturi yake. Katika baa na kumbi za starehe za bara, globu za rangi zilizopigwa mstari juu ya bendi zilitosha, na wachezaji walicheza katika mwanga hafifu uliowastiri. Hapo giza lilikuwa na kazi ya heshima. Mpigaji wa dansi hakuhitaji kumwona kila mchezaji. Alihitaji kuijua miguu yao, na miguu ilimjibu pale muziki ulipoingia katika chemko. Taarab na dansi, basi, zilitaka mwanga tofauti, na hakuna taa iliyo bora kwa zote mbili.

MWANGA ULIOGEUZWA TARAKIMU

Wazo la kuuandika mwanga kama noti za muziki ni la zamani kuliko kompyuta. Mtunzi wa Kirusi Alexander Scriabin, katika kazi yake ya okestra iitwayo *Prometheus* ya mwaka 1910, aliiandikia taa mstari wake katika karatasi ya muziki, sawa na fidla au tarumbeta. Kazi hiyo ilipochezwa New York mwaka 1915, rangi zilionyeshwa pamoja na sauti. Scriabin aliihesabu taa kuwa ala, na ala ina mpigaji.

Kumbukumbu ya mashine ilifika baadaye. Mwaka 1975, tamthilia ya muziki *A Chorus Line* ilipoingia Broadway, Tharon Musser aliiwekea taa zilizoongozwa na meza yenye kumbukumbu ya kompyuta, ya kwanza kutumika huko. Kila hali ya mwanga ilihifadhiwa, na kitufe kimoja kikaiita. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha moja ya kuunganisha ala, nayo ni MIDI. Miaka mitatu baadaye, 1986, mafundi wa majukwaa wa Marekani walikubaliana lugha moja ya taa: DMX512.

Lugha hiyo ni rahisi kiasi cha kushangaza. Waya mmoja hutoka kwenye kiongozi, ukaingia taa ya kwanza, ukatoka, ukaingia ya pili, na kuendelea kama shanga katika uzi. Ndani ya waya hupita orodha ya namba zisizozidi 512, na kila namba ina thamani kati ya 0 na 255. Sifuri ni giza; 255 ni mwanga kamili. Taa yenye rangi tatu hushika namba tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Orodha nzima yenye namba zote 512 husomwa upya takriban mara 44 kwa sekunde, na kila taa huchukua namba zake tu na kuziacha za wenzake. Mshairi hatapata shida kuielewa: ni mizani. Kila taa ina nafasi yake katika mshororo, na nafasi ikikosewa ubeti mzima hupinda.

Lakini kwa muda mrefu lugha hiyo ilibaki ya matajiri, kwa sababu ya taa zenyewe. Taa ya jukwaa ya zamani ilikuwa globu kubwa ndani ya kopo, ikila wati 500 au 1,000. Kilichougeuza mchezo ni kupatikana kwa LED ya buluu yenye mwanga mkali, iliyotangazwa na Shuji Nakamura huko Japani mwaka 1993. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Nyekundu na kijani zilikuwapo. Buluu ilipoongezeka, rangi zote zikawezekana katika taa moja isiyokula umeme na isiyochoma mkono.

HESABU YA MBUBA

Ni hapo ambapo Mbuba inaingia katika historia hii. Wilaya ya Ngara ipo mahali ambapo mto Ruvubu unakutana na Nyabarongo na Kagera inapata jina lake, karibu na maporomoko ya Rusumo. Dunia iliijua Ngara mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kambi ya Benaco ikawa mji. Mwaka uliofuata, 1995, Shirika la Kijesuti la Huduma kwa Wakimbizi lilianzisha Ngara Redio Kwizera, jina lenye maana ya tumaini. Kwa wasikilizaji wengi wa vilima vile, muziki uliotoka mbali ulikuwa sauti bila ya uso: betri mbili, spika moja, na kijiji kizima kikisikiliza gizani.

Umeme wa gridi ya taifa ulichelewa kufika. Kwa miaka mingi mji wa Ngara ulitegemea mashine za dizeli, kama Pemba ilivyotegemea mashine za Wesha hadi ilipounganishwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 na nguzo zikaanza kupanda milima. Pale Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kwa pamoja kituo cha megawati 80, na umeme wake hugawanywa baina ya nchi tatu. Wilaya iliyokuwa ya mwisho imejikuta jirani wa chanzo.

Na aliyekuwa wa kwanza alionja giza. Tarehe 21 Mei 2008 umeme unaotoka bara kwenda Unguja ulikatika, na kisiwa kikakaa karibu mwezi mmoja bila ya umeme huo. Tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika tena, safari hii kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Katikati ya giza hilo, mwezi Februari, tamasha la Sauti za Busara lilifanyika ndani ya Ngome Kongwe kwa nguvu ya jenereta. Somo lake halijachakaa: jukwaa linalokula umeme mdogo ndilo linalosimama.

Basi na ihesabiwe. Kikundi kidogo cha Mbuba chenye magitaa mawili, kinanda, ngoma na mwimbaji kingetaka taa nane za globu za wati 500, kingehitaji wati 4,000. Soketi ya kawaida ya Tanzania hubeba ampea 13, ambazo kwa volti 230 ni wati 2,990. Taa hizo nane zingekata fyuzi kabla ya spika kuwashwa. Taa nane za LED za wati 50 kila moja ni wati 400 tu, chini ya ampea mbili. Jenereta ndogo ya kilowati moja huzibeba na bado ikabaki na nguvu kwa ajili ya spika za kiasi. Zaidi ya hayo, globu hufifia volti zinaposhuka, jambo la kawaida mwishoni mwa waya mrefu wa kijijini, ilhali LED nyingi hufanya kazi kwa volti 100 hadi 240 bila kuonyesha dalili.

Kikundi hicho kikishapata taa kina njia tatu za kuzifanya zijiendeshe, na kila njia ni jibu kwa swali la nani anamsubiri nani.

Njia ya kwanza haina gharama ya ziada. Taa nyingi za LED zina maikrofoni ndogo ndani yake. Taa moja ikifanywa kiongozi, nyingine huifuata kwa waya, na rangi hubadilika kila sauti inapogonga. Kwa dansi huenda ikafaa kwa nusu saa. Lakini maikrofoni hiyo haina adabu ya kuchagua. Husikia ngoma, husikia vigelegele, husikia jenereta nyuma ya ukumbi, na yote huyajibu kwa ghadhabu moja. Mwimbaji anaposhusha sauti ili neno zito lisikike, taa hiyo husimama ikashangaa. Anapokohoa mtu wa mstari wa mbele, hurukaruka.

Njia ya pili ni ya mabendi makubwa: mpigaji ngoma huvaa visikizi, husikia mapigo yaliyorekodiwa, na kompyuta huendesha taa kwa mapigo hayo hayo. Kila badiliko hutokea kwa sekunde yake. Ni njia safi, na ni mtego. Wimbo wa moja kwa moja katika Afrika Mashariki haukatwi kwa saa. Ubeti hurudiwa kwa sababu mtunzaji bado yuko njiani na noti yake. Chemko hurefushwa kwa sababu wachezaji wamekolea. Mwimbaji hunyamaza kusudi akiacha ukumbi umalizie mshororo. Ratiba ya kompyuta haijui kusubiri. Mwimbaji atalazimika kuikimbilia taa, na siku atakapoanza kukata beti ili awahi rangi, mashine itakuwa imehariri shairi.

Njia ya tatu ni ya katikati, nayo ndiyo inayofaa mfuko mwembamba na sanaa yenyewe. Kompyuta ya mapajani, hata kuukuu, hutiwa programu ya bure kama QLC+. Kifaa kidogo huiunganisha na waya wa DMX. Hali chache za mwanga huhifadhiwa. Na swichi ya mguu huzifungua moja baada ya nyingine. Mashine inakumbuka rangi, mtu anachagua wakati.

UBETI NDIO RATIBA

Hali ngapi za mwanga zinahitajika? Hapa fundi anayetoka mbali hushauri hamsini, na hapa mshairi ana neno la kusema. Nyimbo nyingi za taarab asilia zimejengwa kwa beti za mishororo mitatu na kiitikio kinachorudi. Umbo hilo lilikuwapo kabla ya taa, nalo limekwisha kuipanga kazi ya taa. Kuna utangulizi wa ala, ambao katika taarab huchukua sura ya bashrafu: mwanga uwe kwa wapigaji wote. Kuna ubeti: mwanga mweupe wa utulivu juu ya uso wa mwimbaji, rangi zisitikisike, kwa kuwa maneno ndiyo yanayotembea. Kuna kiitikio: jukwaa lote lipanuke, rangi moja ile ile kila kinaporudi, ili jicho lijifunze kama sikio linavyojifunza. Na kuna tuzo: taa za upande wa hadhira ziinuke, anayekuja kutunza aonekane anavyotaka kuonekana. Hali nne zinatosha usiku mzima. Aliyeandika shairi ameandika pia ratiba ya mwanga, bila ya kujua wala kulipwa.

Ngoma za bara nazo zina ratiba zake. Kwa majirani wa Ngara, ng'ambo ya mpaka, ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizogusika, huchezwa kwa nusu duara. Katikati kuna ngoma moja, na wapigaji huijia kwa zamu, mmoja akaruka na kucheza, kisha akampisha mwenziwe. Kikundi cha Mbuba kinachotaka kuupeleka mpango wa namna hiyo jukwaani hakina haja ya taa zinazozunguka. Nusu duara ipate mwanga wa kaharabu usiobadilika. Katikati pawe na taa moja inayopanda kila anapoingia mpigaji mpya. Zamu ya ngoma ndiyo zamu ya taa.

Kuna la kuangalia katika rangi. Taa za bei ya chini huchanganya nyekundu, kijani na buluu pekee, na mchanganyiko huo huzipa nyuso za watu weusi sura ya mgonjwa. Buluu tupu huzifuta kabisa. Mwenye fedha za taa nne anapata faida zaidi akinunua mbili zenye nyeupe ya joto au kaharabu kwa ajili ya nyuso, na mbili za rangi kwa ajili ya ukuta ulio nyuma, kuliko nne za rangi tu. Hadhira husamehe jukwaa lisilo na rangi. Haisamehi uso usioonekana, hasa pale uso huo unapotamka fumbo.

Linabaki swali la mguu. Swichi ikanyagwe na nani? Mpigaji kanuni ana mikono yote miwili kazini na akili yote katika nyuzi. Mpigaji ngoma ameshika mwendo. Mwimbaji mkuu hafai kukatizwa. Anayefaa ni mwitikiaji. Wakati wa ubeti yeye amenyamaza, lakini hajalala: anaufuata kila mshororo, kwa sababu akichelewa kuingia katika kiitikio aibu ni yake. Anajua kama ubeti utarudiwa, kwa kumtazama mwimbaji shingo na mkono. Anamwona anayekuja kutunza. Mguu wake ukibonyeza pale pumzi yake inapoingia, taa na sauti zitafika pamoja, si kwa saa bali kwa sikio.

Mwitikiaji huyo, akisimama Mbuba au Ng'ambo ya Unguja, anairudia kazi ya kijana wa karabai. Tofauti ni kwamba kijana alishughulika na upepo, spiriti na vifuko vinavyopasuka kwa mguso mdogo, na huyu ameondolewa taabu hiyo yote. Mashine imechukua iliyokuwa sehemu yake: joto, kumbukumbu ya rangi, wepesi wa kubadilika. Sehemu isiyokuwa yake ni ile ya kujua kwamba mshororo haujamalizika. Vikundi vinavyonunua taa leo vinaweza kuipata sehemu ya kwanza kwa fedha kidogo, na bei yake inazidi kushuka. Ya pili hainunuliwi, lakini hupotea kwa urahisi: inatosha kuiachia taa itangulie, na mwimbaji atajifunza kumfuata bwana mpya.